Zege la pwani linaoza kwa ndani: yaliyotukuta na kibaraza cha juu Kigamboni

Ukianza ujenzi karibu na bahari kila mtu anakuja na ushauri wa simenti. Huyu anakwambia ya kiwanda fulani ndo inakamata, yule anasema ongeza mfuko mmoja kila mzigo usiwe bahili, mwingine anakuapia kabisa kwamba simenti ya siku hizi sio ile ya zamani. Hakuna hata mmoja anayeuliza mchanga umetoka wapi, wala maji ya kukorogea yamechotwa kisima gani. Na sisi pesa yetu imeteketea hapo hapo, kwenye vitu viwili ambavyo watu wanavihesabu kama vya bure.

Nyumba yenyewe ni ya wazazi, ipo Kigamboni, usiku kukiwa kimya unasikia mawimbi. Marehemu mzee aliijenga kidogo kidogo kama wengi wetu tunavyojenga, leo msingi, mwaka kesho lenta, bati likija limekuja. Kibaraza cha juu kilikuwa cha mwisho mwisho, slabu ya mita kama 6 kwa 2 na nusu hivi, imekaa kwenye nguzo mbili na bimu upande wa mbele, na ngazi za nje za kupandia. Wakati huo hela ilishabana, na fundi wake akamwambia mzee mchanga wa nini kununua, si ule pale chini, mweupe, safi, hauna hata chembe ya udongo. Na ni kweli bwana, mchanga wa ufukweni ukiutazama kwa macho ni msafi kuliko wa shimoni. Ukaletwa kwa toroli. Maji yakatoka kisima cha uani ambacho mpaka leo ukinawia uso unasikia chumvi kwenye mdomo.

Kwa miaka kibao hakikutokea kitu. Hilo ndo baya la hii kitu, haikupi onyo mapema.

Kisha ukatokea ufa chini ya slabu, mrefu, umenyooka, na baadae mwingine sambamba nao, na kwenye ufa panatoka rangi ya kahawia kama chai imemwagika ukutani. Tulikuwa tunaona na tunapita tu, tukisema nyumba imekaa sawa baada ya mvua. Kama una ufa wa namna hiyo kwako naomba usome hii kwa makini: ufa unaokimbia kwa mstari ulionyooka chini ya slabu au kwenye kona ya nguzo kwa urefu wake mara nyingi unafuata nondo iliyo ndani, na ile kahawia ni kutu inatoka. Sio ufa wa lipu.

Mchana mmoja likaanguka bonge la zege, mbele ya mlango kabisa, pale wajukuu wanapochezea. Hakuna aliyeumia, walikuwa ndani wanakula. Mama hakupiga hata kelele, alikaa kwenye kiti akaanza kusoma dua, na mimi niliposhika lile bonge na kuona upande mmoja una alama ya nondo yenye unga mwekundu nilihisi tumbo limeniishia nguvu.

Fundi wa kwanza akabandua vilivyolegea, akapiga brashi ya waya kwenye nondo, akapiga lipu yenye simenti nyingi akasema hii haitoki mpaka kiama. Shilingi 180,000. Mwaka haujaisha ikatoka, na cha ajabu haikutoka pale alipoziba, ilitoka pembeni yake. Fundi wa pili akamlaumu wa kwanza (kawaida yao, sijawahi kuona fundi anamsifia aliyemtangulia), akaziba eneo kubwa zaidi, akapaka na rangi juu, 450,000. Ikabanduka tena, pembeni ya kiraka chake. Jirani mmoja akaanza kunipa namba za wataalamu wa mambo ya kuzungukia nyumba usiku, nikamwambia asante mzee wangu, ngoja kwanza.

Aliyetutoa gizani ni binti wa mtaani kwetu, amesoma uhandisi chuo kikuu na yuko na mkandarasi mmoja mjini. Alikuja Jumapili kumsalimia mama tu, akaangalia juu, akasema kaka hili zege mmelipima? Nikamwambia linapimwaje wakati limeshamwagwa. Jioni yake akarudi na nyundo ndogo, futi kamba, na kichupa cha dawa.

Alianza na nyundo. Akawa anagonga taratibu slabu nzima kwa chini, kiganja kwa kiganja, na kuchora kwa chaki. Sehemu nzima inalia ti, kavu. Iliyoachana na nondo kwa ndani inalia bo. Hii hata wewe unaweza kuifanya leo bila gharama yoyote, vaa tu kofia ngumu na miwani maana vipande vinashuka. Alipomaliza, chaki ilikuwa imezungushia zaidi ya nusu ya slabu, sehemu ambazo kwa macho zilikuwa na rangi nzuri tu.

Kile kichupa kilikuwa POP (phenolphthalein, sio ile POP ya dari). Waliosoma kemia sekondari wanaijua, ile ya kwenye titresheni, ikikutana na kitu chenye alkali inageuka pinki. Akaniambia nivunje sehemu mpya, nipulize vumbi, akapuliza dawa. Zege likageuka pinki ya kuwaka, kuanzia karibu na nje mpaka ndani kabisa kwenye nondo. Mi nikafurahi, nikajua ndo salama. Akasema hapana kaka, kwako wewe hii ni habari mbaya.

Nitaeleza alivyonieleza, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilipo. Zege peke yake linavumilia sana kukandamizwa ila ukilivuta linakatika, nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kukandamizwa. Ndo maana tunatia nondo, wazo ambalo mtunza bustani mmoja Mfaransa, Joseph Monier, alilisajilia hataza mwaka 1867 kwa ajili ya vyungu vya maua. Ndoa hii ya chuma na zege inadumu kwa sababu mbili. Moja, vyote viwili vinatanuka kwa joto karibu sawa, kwahiyo jua la mchana haliviachanishi. Ya pili ni alkali, zege bichi lina pH ya 12 mpaka 13, na chuma kikikaa kwenye alkali ya namna hiyo kinajitengenezea ngozi nyembamba sana inayokikinga na kutu hata kama kuna unyevu. Hewa ya ukaa inaingia polepole kutoka nje mwaka hadi mwaka na kuishusha ile alkali, na ikifika kwenye nondo ngozi inapotea. Hapo POP haibadiliki rangi. Sasa ukiona pinki imefika mpaka kwenye nondo na bado nondo imeoza, mshukiwa anabaki mmoja, chumvi. Chumvi haihitaji alkali ishuke, inatoboa ile ngozi moja kwa moja.

Na inavyokula sio sawasawa. Tulipofunua nondo moja, kipande kimoja kilikuwa na unene wake wote na alama zake zinasomeka, kiganja kimoja mbele imebaki nyembamba kama gunzi lililoguguniwa na panya. Unaipiga brashi ya waya hapo unapata nini?

Kutu nayo inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara 2 mpaka 6 kutegemea ni kutu ya aina gani, kwahiyo inalisukuma zege kwa ndani mpaka linapasuka na kudondoka. Na viraka vyetu? Ile sehemu ya nondo iliyopata simenti mpya inatulia, lakini jirani yake bado imekaa kwenye chumvi, na kwa vile ni chuma kimoja kilichoungana umeme mdogo unatembea kati yao, ile ya jirani inaliwa haraka kuliko hata kabla ya kiraka. Ni betri kabisa. Kwahiyo zile laki 6 na elfu 30 zilikuwa zinanunua kutu mpya, na mafundi wote wawili hawakuwa matapeli, walifanya kile wanachokijua.

Ili tusiende kwa kubahatisha alitoboa na dilu, akakusanya unga wa zege kutoka vina tofauti, tukaupeleka maabara. Chumvi ilikuwa nyingi nje, katikati na ndani karibu sawasawa. Hilo nalo linasema kitu: chumvi ya upepo wa bahari inaingia kutoka nje, kwahiyo unga wa juu unakuwa nayo nyingi na wa ndani kidogo. Ikiwa sawa kote ina maana ilikorogewa humo humo.

Kumwambia mama kwamba kibaraza alichokijenga baba kinavunjwa chote na nguzo zake ndo kilikuwa kigumu kuliko pesa. Alikataa. Mama ni mtu wa Kilwa, akatuuliza swali ambalo mi sikuwa na jibu lake: mbona Husuni Kubwa, lile gofu la kasri la kwetu, ipo juu ya bahari tangu karne ya 14 na kuta bado zipo, na hawakuwa na injinia wala POP? Yule binti akasema mama umeuliza vizuri kuliko wanafunzi wenzangu. Pale Kilwa hakuna nondo. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, hakuna chuma cha kuoza ndani, na dari zilibebwa na boriti za mikoko, ndo maana vyumba vya nyumba za zamani za pwani ni vyembamba, boriti haikufika mbali. Tena chokaa inakuwa ngumu kwa kuvuta ile ile hewa ya ukaa ambayo kwenye zege letu inaondoa kinga ya nondo. Mama akanyamaza muda, akasema basi vunjeni, ila vile vigae vya baba vya chini msivivunje. Hatukuvivunja.

Tukaanza upya, safari hii kila kitu kikapimwa kabla hakijaingia saiti. Nitasimulia vile vilivyonishangaza.

Mchanga kwanza. Lori la kwanza lilikuwa la mchanga wa shimoni. Chukua chupa ya maji inayoonekana, jaza mchanga mpaka karibu nusu, ongeza maji na chumvi kijiko kidogo (ya majaribio tu hiyo!), tikisa sana, iache masaa kadhaa. Mchanga unakaa chini na tope linakaa juu yake kama mkanda. Kwenye sentimita 10 za mchanga tope likizidi nusu sentimita na kidogo usiupokee kwa ajili ya zege. Wetu ulikuwa na mkanda mnene, dereva akakasirika akaniambia kaka miaka yote napeleka mchanga huu watu wanajenga maghorofa. Nilimlipa mafuta yake akaondoka nao. Tukachukua wa mtoni, bei juu kidogo. Wenzetu Uingereza wanatumia mchanga wa baharini kwenye zege, ni kweli, ila wanauosha kwa maji yasiyo na chumvi na kuupima chumvi. Kuchota tu ufukweni na kukoroga ni habari nyingine, maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kila lita na mchanga uliolowa na kukauka na kulowa tena unabaki nayo.

Maji tukanunua ya boza. Watu walicheka, kisima kipo na pampu ipo halafu unanunua maji ya kukorogea zege! Kwa Kigamboni na maeneo mengi ya pwani visima ni vya chumvi, na kanuni ni rahisi, maji usiyoweza kuyanywa usiyakorogee zege lenye nondo. Hata ya kumwagilia baadae.

Nondo ndo zilinifungua macho. Nilizoea kuhesabu tu, nondo 20 za milimita 12, lipa, pakia. Binti akanipa hesabu moja ya kubeba kichwani: chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita moja. Ya 12 inatoa kilo 0.89, ya 10 inatoa 0.62, ya 16 inatoa 1.58. Nikaenda duka la kwanza, nikaomba kipande cha mita moja wanikatie, nikakipeleka kwenye mzani wa muuza mchele wa jirani. Gramu 740. Kwa hesabu ile ile ukirudi nyuma hiyo sio 12, ni 11 isiyotimia, na chuma kimepungua kama asilimia 17, wakati tofauti inayokubalika kwenye viwango ni asilimia chache tu. Muuzaji hata hakubishana, alisema "hizo ndo 12 za bei hiyo bosi, ukitaka 12 kamili zipo kule nyuma." Yaani zipo mbili! Na kila siku watu wanabeba za mbele. Pima na urefu pia kwa futi kamba, inatakiwa mita 12, nyingine hazifiki. Nondo kamili ya 12 nzima nzima inakaribia kilo 10.7.

Simenti, ambayo ndo kila mtu anaiongelea, ilikuwa rahisi kuliko vyote. Soma mfuko. Namba 32.5 au 42.5 ni nguvu, kwa megapaskali, ya kipande cha majaribio kikifika siku 28. Kwa slabu na nguzo tulichukua 42.5, kwa lipu na kujengea 32.5 inatosha. Ukiona herufi P kwenye maandishi ya aina yake ina maana imechanganywa na puzolana (majivu ya volkano yaliyosagwa), na L au LL ni mawe ya chokaa yaliyosagwa. Ya puzolana inafaa pwani kwa sababu zege lake likikomaa linabana na chumvi inapita kwa shida, ila inataka kumwagiliwa muda mrefu zaidi. Angalia alama ya TBS na tarehe ya kutengenezwa, mfuko uliokaa miezi mitatu kwenye stoo yenye unyevu umeshapoteza nguvu hata kama haujaganda mabonge.

Siku ya kumwaga zege ndo ilikuwa na vita.

Kwanza biskuti. Ni vile vipande vidogo vya zege vinavyowekwa chini ya nondo ili isikae juu ya mbao. Tulizitengeneza mapema, za milimita 40, na waya ndani wa kufungia. Fundi wetu (mzuri tu, amejifunzia kazi mtaani kwa kaka yake na mkono wake ni mwepesi) alizoea kulaza nondo kwenye mbao, halafu wakati zege linamwagwa anaishika kwa mkono na kuinyanyua kidogo. Akiachia inarudi. Ndo maana ukivunja slabu nyingi unakuta nondo imefunikwa na zege la kucha moja. Kwenye slabu ya mzee sehemu nyingine nilipima milimita 10. Kwa mahali palipo karibu na bahari 40 ndo kitu cha kuongelea, na hizi biskuti zote hazikutugharimu hata mfuko mmoja wa simenti.

Halafu vipimo. Badala ya karai, ambalo mmoja anajaza kichuguu na mwingine anajaza nusu, tulipiga sanduku la mbao lenye sentimita 33 kila upande kwa ndani, linabeba lita kama 36, karibu sawa na mfuko mmoja wa kilo 50. Mfuko mmoja, sanduku moja na nusu la mchanga, masanduku matatu ya kokoto. Kokoto zilikuwa za Lugoba, ngumu, tulizimwagia maji ya boza kuondoa vumbi.

Vita yenyewe ilikuwa ya maji. Kwa mfuko wa kilo 50 tuliruhusiwa lita 25 na sio zaidi, tena kupunguza kidogo kwa sababu mchanga ulikuwa umelowa. Mixa ya kwanza ikatoka, saidia fundi akaangalia akasema hili limekauka, akachukua mpira wa maji. Binti akasimama mbele ya mixa. Fundi akaniita pembeni, "bosi huyu mtoto wa chuo atatukwamisha, zege hili halitembei, vijana watachoka." Na kweli lilikuwa zito. Lakini simenti haikauki, inaungana na maji kwa kemia, na inachohitaji kuungana nacho ni kama robo tu ya uzito wake. Maji mengine yote ni ya kurahisisha kazi, na yakiondoka yanaacha vijitundu, na vijitundu ndo barabara ya chumvi kufika kwenye nondo. Mmarekani Duff Abrams alishaonesha tangu 1918 kwamba ukizidisha maji kwa simenti ile ile nguvu inashuka, na inashuka sana, ukitoka lita 25 kwenda 35 kwa mfuko unaweza kupoteza theluthi nzima ya nguvu na zaidi. Yaani ndoo moja ya maji ya yule kijana ingekula ile mifuko ya ziada tunayoongeza kwa kujisifia.

Suluhu ilikuwa vaibreta. Tulikodi kwa 60,000 kwa siku, ukiichomeka zege zito linalegea na kushuka lenyewe kati ya nondo, mapovu yanatoka juu. Baada ya mizigo miwili fundi alinyamaza, baada ya wa tatu akawa anaishika mwenyewe. Nasema kwa uzoefu, kubishana na fundi kuhusu maji bila kuleta vaibreta ni kumtesa, unamkatalia njia yake bila kumpa nyingine.

Kumwagilia tulimpa mama. Magunia yaliyolowa juu ya slabu yote, nailoni juu yake, na nguzo zikafungwa magunia vile vile. Kipimo cha chini ni wiki moja, sisi tulienda wiki mbili kwa ajili ya ile puzolana, na hakuna mtu aliyepita uani kwetu kipindi kile, awe mgeni awe dalali, asiambiwe achote ndoo moja apandishe juu.

Tulimwaga pia vipande vya majaribio, mchemraba wa milimita 150, kutoka zege lile lile. Vingine vikapasuliwa siku ya 7, vingine ya 28. Kufikia megapaskali 25 mashine inabidi ikandamize kipande kimoja kwa uzito wa tani kama 57, ni kitu cha kwenda kutazama kwa macho ukipata nafasi. Vyetu vilitoa wastani wa 19 siku ya 7 na 28 siku ya 28. Fundi aliomba nakala ya ile karatasi, nasikia anatembea nayo kwenye begi anaonesha wateja, na bei ameshapandisha.

Gharama zote, kuvunja, kusomba kifusi, mbao, nondo, zege, maabara, ufundi, na bahasha ya binti ambayo aliikataa mara ya kwanza, zilipita kidogo milioni 6. Kuvunja peke yake kulikula karibu milioni kwa sababu zege lililooza nondo bado ni gumu kwa mashine. Ukilinganisha na lori moja la mchanga wa mtoni wakati ule unaweza kulia, lakini mzee alifanya kwa alichoambiwa na kwa alichokuwa nacho mfukoni, na aliyemshauri alikuwa fundi anayeheshimika mtaa mzima.

Nisisahau, kama kibaraza chako hakina nguzo mbele, kile kinachoning'inia, nondo kuu zinakaa JUU ya slabu sio chini, kwa sababu upande wa juu ndo unaovutwa. Nimeshaona zaidi ya sehemu moja zimelazwa chini. Na hata zikiwekwa juu, vijana wakizikanyaga na toroli siku ya kumwaga zinashuka, wekeni viti vya nondo vya kuzishikilia na njia ya mbao ya kupitia. Hii usimwachie fundi peke yake, iko kwenye orodha ya vitu vya kumlipa injinia aje atazame nusu saa kabla zege halijamwagwa, maana baada ya hapo hakuna anayeona.

Zimebaki ngazi za nje. Zilimwagwa kipindi kile kile, kwa mchanga ule ule, na tukizigonga kwa chini kuanzia kidato cha tano kwenda juu zinalia bo. Tumefunga mlango wa juu kwa kufuli na kuweka mbao pale chini watoto wasipande, kwahiyo kwa sasa tuna kibaraza kipya ambacho hakuna anayekwenda. Mama anasema angalau nguo zianikwe kule. Hela ya ngazi ikipatikana itakuwa baada ya masika, na maji ya boza yameshapanda bei.